Asilimia tatu ya mkulima, asilimia sifuri ya kiwanda

Kila ukigusa habari ya msamaha wa kodi kwa wawekezaji, jibu utakalopewa ni lile lile: "Unadai kodi ya kiwanda ambacho hakipo? Acha kije kwanza, vijana wapate kazi, kodi itafuata." Ni jibu ambalo linapigiwa makofi kwenye semina, na sikatai kwamba lina ukweli ndani yake. Lakini kuna jambo moja linafichwa humo, na ndilo nataka tulitazame leo: anayesamehe kodi na anayeikosa si mtu mmoja. Anayesamehe yuko Dodoma. Anayekosa yuko kijijini, kwenye darasa lenye wanafunzi mia na dawati moja kwa wanne.

Nitatumia mfano wa Ngara na Biharamulo, kule kusini magharibi mwa Kagera, Bugufi na Bushubi, ambako wengi mnakujua kwa mambo mawili tu: daraja la Rusumo na wakimbizi wa Rwanda wa mwaka 1994. Kuna jambo la tatu, na hili litazungumzwa kwa miaka mingi ijayo. Ni nikeli.

Kwa wale ambao hawajaifuatilia habari hii, nitaieleza kwa kifupi. Mradi wa Kabanga uko wilayani Ngara, kata ya Bugarama. Utafiti wa kwanza mkubwa ulifanywa miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Miaka ya 1990 ikaja Sutton Resources ya Kanada, mwaka 1999 Barrick ikainunua Sutton, kisha Barrick akashirikiana na wengine hadi ikafika kwa Glencore. Wote walichoronga, wakapima, wakaandika ripoti, hakuna aliyechimba. Mwaka 2018 serikali ikafuta leseni za kuhodhi maeneo, Kabanga ikiwemo. Januari 19, 2021 ukasainiwa mkataba mpya, ikazaliwa Tembo Nickel, ambayo serikali ina hisa asilimia 16. Mwenye hisa nyingi ni Lifezone Metals, kampuni ambayo tangu mwaka 2023 iko kwenye soko la hisa la New York.

Kumbukeni pia kwamba tangu Machi 2017 serikali ilizuia kusafirisha makinikia nje. Kwa hiyo mpango wa Tembo Nickel ukaja na kitu ambacho tulikuwa tunakililia siku zote: kiwanda cha kusafisha madini hapa hapa nchini. Nikeli, shaba na kobalti zitoke zikiwa metali, si udongo kwenye makontena. Kampuni zikawa mbili chini ya mwavuli mmoja, moja ya kuchimba na moja ya kusafisha.

Sasa sikilizeni vizuri. Mgodi uko Ngara, lakini kiwanda kimepangwa kujengwa Kahama, zaidi ya kilomita 300 kutoka kwenye shimo, katika eneo la uliokuwa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi. Hadi ninapoandika, kiwanda hicho hakijasimama. Na eneo la Buzwagi ndilo linalogeuzwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi, yaani mahali ambapo mwenye kiwanda anapewa unafuu wa kodi ili aje aajiri watu.

Sitaki kuanzisha ugomvi wa Ngara na Kahama. Sababu za kuchagua Kahama zinaeleweka: iko karibu na reli, umeme mkubwa upo, barabara zipo, majengo na uwanja wa ndege wa mgodi wa zamani vipo, na mji wenyewe umezoea watu wa migodi. Mwenye akili timamu akipewa kuchagua atachagua Kahama. Ugomvi wangu uko kwingine. Uko kwenye neno "unafuu".

Hebu tuangalie unafuu huo una nini ndani. Sheria ya maeneo ya uzalishaji kwa ajili ya kuuza nje, ambayo wengi tunaiita EPZ, ilipitishwa mwaka 2002. Ile ya maeneo maalumu ya kiuchumi ikafuata mwaka 2006. Chini ya EPZ, kiwanda kilichokidhi masharti, ikiwemo kuuza nje angalau asilimia 80 ya bidhaa zake, kilisamehewa kodi ya mapato ya kampuni kwa miaka kumi. Kilisamehewa kodi ya zuio kwenye gawio, riba na kodi ya pango kwa miaka kumi. Mashine na malighafi vikaingia bila ushuru wa forodha. Na kisha kuna kipengele ambacho huwa hakisomwi kwenye hotuba: msamaha wa miaka kumi wa kodi na ushuru wote unaotozwa na serikali za mitaa kwa bidhaa zinazozalishwa humo.

Rudia kusoma sentensi hiyo ya mwisho. Kodi ya mapato ni ya Hazina. Hazina ikiamua kuisamehe, imesamehe chake. Ushuru wa serikali za mitaa ni wa halmashauri. Hazina imesamehe cha mwenzake. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, lakini sikumbuki waliposema kwamba unaweza kutoa cha jirani yako halafu ukasifiwa kwa ukarimu.

Mtu ataniuliza, kwani halmashauri inapoteza nini, si visenti tu? Tupige hesabu. Ushuru mkubwa wa halmashauri kwa kampuni ni ushuru wa huduma, na kwa miaka mingi kiwango chake kisheria kilikuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Si asilimia tatu, ni sifuri nukta tatu. Kiwanda kikiuza bidhaa za shilingi bilioni 100 kwa mwaka, kwa kiwango hicho halmashauri inapata shilingi milioni 300. Kwa kampuni hiyo ni hela ya kalamu na karatasi. Kwa halmashauri ni nini? Mwaka 2021, serikali ilipojenga madarasa kwa ule mkopo wa UVIKO, darasa moja liliwekewa shilingi milioni 20. Milioni 300 ni madarasa 15, kila mwaka. Kwa miaka kumi ya msamaha ni madarasa 150, kwa bei hiyo.

Bado kuna jingine, na hili linatuhusu sisi vijana moja kwa moja. Kwa sheria, kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kwa hiyo kwenye zile milioni 300 kuna milioni 30 za vikundi. Unapoisamehe kampuni ushuru wa huduma, umemnyima mkopo yule binti anayetaka kununua cherehani na yule kijana anayetaka pikipiki, halafu unawaambia umefanya hivyo ili wapate ajira. Wachekeshaji hawana kazi nchi hii.

Kinachonikera zaidi ni pale ninapoweka kiwanda na mkulima kwenye mizani moja. Mkulima wa Ngara analima kahawa, migomba na maharage. Mazao yake yanatozwa ushuru wa mazao. Mwaka 2017 ushuru huo ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na tuliishukuru serikali. Kwenye karatasi analipa mnunuzi, lakini kila mtu aliyewahi kuuza kahawa anajua kwamba mnunuzi anauondoa kwenye bei. Kwa hiyo kahawa ya mkulima mwenye nusu eka inabeba asilimia 3, na kiwanda cha mamilioni ya dola, ambacho kingetozwa asilimia 0.3, kinapewa msamaha. Mkulima anabeba mara kumi ya kile ambacho tajiri amesamehewa. Nani anamvutia nani hapa?

Na tusisahau kwamba halmashauri zetu hazina visima vingi vya kuchota. Kodi ya maendeleo, ile ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003, na ilistahili kufutwa. Kodi ya majengo ilihamishiwa TRA mwaka 2016. Ushuru wa mazao ukapunguzwa. Kilichobaki cha maana kwa wilaya za vijijini ni mazao, minada ya mifugo, na ushuru wa huduma pale wanapobahatika kupata kampuni kubwa. Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Madaraka bila mfuko ni cheo cha kuitiwa kwenye mwenge.

Naijua hoja ya upande wa pili na sitaki kuipita juu juu, kwa sababu ina nguvu. Wanasema dunia ni ya ushindani. Usipotoa unafuu wewe, Kenya atatoa, Ethiopia atatoa, Rwanda pale ng'ambo ya Rusumo atatoa. Kwa baadhi ya viwanda ni kweli kabisa. Kiwanda cha nguo kinaweza kufungwa Ijumaa na kufunguliwa nchi nyingine mwezi ujao, kwa sababu mali yake ni cherehani na oda ya mteja wa Marekani. Hicho lazima ukibembeleze kidogo.

Lakini nikeli ya Bugarama haina miguu. Haiwezi kuhamia Addis Ababa. Anayeitaka lazima aje Ngara. Hapo sababu ya kubembeleza inapungua sana. Indonesia waliliona hili. Januari 2020 walipiga marufuku kuuza nje mawe ghafi ya nikeli, na viwanda vikahamia kwao. Ni kweli nao walitoa unafuu wa kodi, lakini kilichowaleta wenye viwanda ni kwamba mawe yalikuwa hapo na hayatoki. Leo Indonesia inazalisha zaidi ya nusu ya nikeli ya dunia.

Haya, nikubali na upande wa pili wa shilingi hiyo hiyo. Nikeli haina miguu, lakini inaweza kukaa chini ya ardhi. Ya Kabanga imekaa karibu nusu karne tangu igunduliwe. Na wingi wa nikeli ya Indonesia umeshusha bei kiasi kwamba BHP, kampuni kubwa kabisa, ilisimamisha shughuli zake za nikeli huko Australia Magharibi mwaka 2024, na mwaka 2025 ikaachana na hisa zake za Kabanga. Kwa hiyo anayesema mwekezaji anahitaji kusaidiwa hasemi uongo. Swali ni asaidiwe kwa nini, na kwa mfuko wa nani.

Mimi naamini msaada mkubwa kuliko wote kwa kiwanda ni umeme na barabara. Ngara na Biharamulo kwa miaka mingi ziliendeshwa kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO. Ukiwa na mashine ya kusaga ulikuwa unamwomba Mungu. Sasa kuna mradi wa Rusumo wa megawati 80, tunaogawana na Rwanda na Burundi, na kuna kituo kikubwa cha umeme Nyakanazi, Biharamulo. Huo ndio unafuu ninaoupenda. Mwekezaji akiondoka, nguzo zinabaki. Akifilisika, fundi wa kuchomelea pale Lusahunga anaendelea kuchomelea. Msamaha wa kodi ukiisha hauachi hata msumari.

Kuna watakaouliza, je, huko kwingine imekuwaje? Majirani zetu Kenya walitunga sheria yao ya EPZ mwaka 1990: miaka kumi bila kodi ya mapato, kisha asilimia 25 kwa miaka kumi inayofuata. Pale Athi River viwanda vilikuja, na vimeajiri makumi ya maelfu ya watu, wengi wao wanawake. Ajira hizo ni za kweli, na familia zimekula. Lakini kilichowaleta hasa ni AGOA ya mwaka 2000, ule mlango wa kuuza nguo Marekani bila ushuru. Mwaka 2005 mfumo wa zamani wa mgawo wa biashara ya nguo duniani ulipokwisha, viwanda kadhaa vikafungasha, msamaha wa kodi ukiwa bado mkononi. Somo ni kwamba anayekuja kwa sababu ya msamaha ni mgeni wa siku mbili.

Hata Marekani wameumwa na nyoka huyu. Mwaka 2017 kampuni ya Foxconn iliahidi ajira 13,000 katika mji mdogo wa Mount Pleasant, Wisconsin, na jimbo likaahidi unafuu wa karibu dola bilioni 3. Serikali ya mji ikakopa, ikanunua ardhi, ikahamisha watu, ikajenga barabara na mabomba. Ajira hazikuja kama zilivyoahidiwa, na mwaka 2021 mkataba ukaandikwa upya: ajira 1,454 na unafuu wa hadi dola milioni 80. Angalieni nani alipona na nani aliumia. Jimbo lilipona, kwa sababu mkataba wake ulisema hakuna ajira, hakuna unafuu. Aliyebaki na deni ni mji, uliotoa kwanza na kungoja baadaye. Miaka michache baadaye Microsoft wakanunua sehemu ya ardhi hiyo, lakini hiyo ilikuwa bahati, haikuwa mpango.

Turudi nyumbani. Biharamulo wana kumbukumbu yao wenyewe, nayo ni mgodi wa Tulawaka. Ulianza kutoa dhahabu mwaka 2005. Mwaka 2013 Barrick wakaondoka na mgodi ukakabidhiwa STAMICO. Miaka minane. Tulawaka haukuwa kiwanda cha EPZ, lakini nataka muweke miaka hiyo minane kando ya msamaha wa miaka kumi. Mgodi ungepewa msamaha wa aina hiyo, ungezaliwa, ukakua na kuondoka kabla siku ya kwanza ya kulipa haijafika. Upembuzi yakinifu wa Kabanga wa mwaka 2025 unataja uhai wa mgodi wa miaka 18. Kiwanda kinachotegemea mgodi wa miaka 18 kikisamehewa miaka 10, kimesamehewa zaidi ya nusu ya uhai wake. Hiyo si "kodi itafuata". Kodi inafuata ikiwa imechelewa basi.

Na Geita? Kwa miaka mingi mikataba ya migodi mikubwa iliweka ukomo: halmashauri ilipwe dola 200,000 kwa mwaka, basi, hata dhahabu ipande vipi. Baada ya kelele nyingi za madiwani na wabunge, mambo yakabadilishwa ikawa asilimia 0.3 ya mauzo. Pigeni hesabu wenyewe: mgodi ukiuza dhahabu ya dola milioni 500, asilimia 0.3 ni dola milioni moja na nusu. Ni mara saba na nusu ya zile laki mbili. Na mgodi haukuhama kwenda popote. Wale waliosema mwekezaji atakimbia sijui leo wanasema nini.

Kwa Ngara kuna hatari nyingine ambayo sijaona ikijadiliwa, na naomba madiwani wa huko waisome mara mbili. Kampuni ya kuchimba itauza mzigo wake kwa kampuni ya kusafisha, nazo ni ndugu wa baba mmoja. Bei watakayouziana ndiyo itakayoamua mauzo ya Ngara ni kiasi gani, na kwa hiyo ushuru wa huduma wa Ngara ni kiasi gani. Kama upande wa kiwanda una msamaha na upande wa mgodi hauna, mhasibu yeyote aliyemaliza chuo atakushauri faida uipeleke wapi. Bei ya Ngara itakuwa ya udongo, bei ya Kahama itakuwa ya metali. Simtuhumu mtu, maana hakuna kilichouzwa bado. Nasema mlango uko wazi, na mlango ulio wazi hauhitaji mwizi hodari.

Je, kuna anayelifuatilia hili kutoka kule? Taarifa za kina za mradi huu, kurasa kwa mamia, zinawasilishwa kwa mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani kwa sababu kampuni imeorodheshwa New York. Mtu wa New York mwenye hisa kumi anaweza kuzisoma, kwa lugha yake, akiwa anakunywa kahawa, huenda kahawa ya kwetu. Mwenyekiti wa kitongoji cha Bugarama akitaka kujua hayo hayo kwa Kiswahili aende wapi? Tuna sheria ya mwaka 2015 ya uwazi katika sekta ya uziduaji, inayotaka mikataba ya madini iwekwe hadharani. Na jina la Buzwagi lenyewe lilipaswa kutuamsha. Mkataba wa mgodi huo ndio uliosainiwa London mwaka 2007, na mbunge aliyeuliza bungeni kwa nini, Zitto Kabwe, ndiye aliyesimamishwa ubunge Agosti mwaka huo. Sasa eneo lile lile linaingia awamu ya pili ya maisha yake. Tusiingie nalo gizani tena.

Msinielewe vibaya kwamba nasema misamaha yote ifutwe kesho asubuhi. Nchi ilikwishafika pabaya: kwa hesabu za CAG, mwaka 2011/12 misamaha ya kodi ilifika shilingi trilioni 1.8, sawa na asilimia 27 ya makusanyo yote ya kodi. Baadaye sheria zikakazwa, ikiwemo ile mpya ya VAT ya mwaka 2014. Kwa hiyo inawezekana kupunguza na nchi isianguke. Na sasa kuna nafasi nzuri, kwa sababu mwaka 2025 imetungwa sheria mpya iliyounganisha TIC na EPZA kuwa chombo kimoja, TISEZA. Kila chombo kipya kinapoanza, taratibu zinaandikwa. Huu ndio wakati wa kupiga kelele, kabla wino haujakauka.

Ningepewa nafasi ya kusema mambo manne, ningesema haya.

La kwanza, serikali kuu isisamehe ushuru wa halmashauri bila baraza la madiwani la halmashauri hiyo kukaa, kujadili na kupiga kura, na muhtasari wa kikao ubandikwe ukutani. Na kama Dodoma inaona kwamba kwa maslahi ya taifa lazima msamaha utolewe, sawa, basi Hazina iilipe halmashauri ile asilimia 0.3 kutoka kwenye mfuko wake. Kama kiwanda kina faida kubwa kwa taifa, taifa halitashindwa kulipia madarasa 15.

La pili, unafuu ufuate ajira, usizitangulie. Kiwanda kionyeshe majina kwenye orodha ya NSSF, watu walioajiriwa kweli na wanaokatiwa michango, ndipo kipate punguzo la mwaka huo. Mwaka ambao watu wamepunguzwa, na punguzo lipungue. Ni hesabu rahisi, na Wisconsin wametufanyia majaribio bure.

La tatu, mahali panapotoka mawe pasisahauliwe kwa sababu kiwanda kiko kwingine. Bei ya mzigo unaotoka Ngara kwenda Kahama ipangwe kwa bei ya soko la dunia, chini ya macho ya Tume ya Madini, na halmashauri ya Ngara ipewe nakala ya kila hesabu. Na katika ajira za kiwanda ziwepo nafasi za vijana wa Ngara na Biharamulo waliosomeshwa mapema ufundi wa maabara, umeme na mitambo, kwa sababu kiwanda cha kemikali hakiajiri watu kwa kuonewa huruma. Wasipoandaliwa leo, kesho wataambiwa hawana sifa, na itakuwa kweli.

La nne, kila msamaha uandikwe kwa jina la kampuni, kiasi cha shilingi na mwaka, na uchapishwe kwa Kiswahili. Kama msamaha ni mzuri, kwa nini unaona aibu?

Watu wa Ngara wamewahi kuona ajira zikija kwa kishindo. Mwaka 1994, ndani ya siku mbili tu, robo milioni ya watu walivuka Rusumo kuja kwao. Nyuma yao yakaja mashirika, na vijana wengi wakapata kazi za udereva, ukarani, ukalimani na utunzaji wa maghala. Desemba 1996 Wanyarwanda wakarudi kwao, na sehemu kubwa ya kazi hizo ikarudi nao. Hakuna aliyedanganya, ilikuwa dharura. Lakini nikeli si dharura. Tumekuwa na nusu karne ya kujiandaa.

Kwa hiyo nikiulizwa kama unafuu wa kodi unaowavuta wenye viwanda unawasaidia wananchi wa mahali hapo, jibu langu ni kwamba unaweza, pale ambapo anayetoa ni yule yule anayekosa. Mtu akitoa chake huhesabu, hudai risiti, hufuatilia. Akitoa cha mwingine hupiga picha na kwenda zake. Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye diwani unayemfahamu, iwe Ngara, Biharamulo au Kahama, mpigie simu wiki hii umuulize swali moja tu: kuna kampuni ngapi kwenye halmashauri yako ambazo hazilipi ushuru wa huduma kwa sababu ya msamaha, na ni lini ninyi madiwani mlikaa mkaukubali? Jibu lake litakueleza mengi kuliko makala yangu hii.